Kinu Kinatazama Wapi

Mwaka wa sabini na sita, katika ofisi moja ya hapa Bunia, Tharcisse alipokea neno kutoka kinywani mwa Emerance, akaligeuza uso, akamkabidhi mkubwa wake likiwa limegeuka. Kwa neno hilo moja Emerance alipoteza parsele, kiwanja cha marehemu mumewe, na nyumba aliyoisiriba kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akaitwa mwongo mbele ya watu. Nyumba hujengwa tena, lakini jina la mwongo halina fundi.

Emerance alizaliwa vilimani, katika jamaa ya watu wa ng'ombe. Shule aliiona kwa mbali tu, bati lake likimetameta. Kaka zake walipelekwa kwa mapadri, yeye akapewa fimbo. Alikua akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake, akiijua kila pembe na kila mkia, na jua la jioni likimkuta miguu imejaa vumbi jekundu. Hakulalamika. Mtoto wa kike wa siku zile hakuulizwa anataka nini, aliulizwa kama maziwa yamefika.

Alipoolewa na Baudouin alishuka mjini, kwenye mtaa, kartiye ya Rwambuzi. Baba mkwe wake alikuwa na parsele ndefu iliyoanza barabarani na kuteremka hadi kwenye kijito. Katikati ulisimama mti mmoja wa avoka, yaani parachichi. Muzee alikuwa na wana wawili. Vital, mkubwa, alikuwa ameondoka kwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, na Baudouin, mdogo, ndiye aliyebaki kumtazama baba. Muzee alipoona nguvu zinamwisha aligawa ardhi yake kwa namna ya zamani. Alimwita Baudouin na mkewe, wakachimba shimo, muzee akamwaga makaa ya moto uliozimwa, na juu ya makaa akalaza jiwe jeupe la mtoni. Makaa hayaozi. Jiwe lenye makaa chini yake halikufika hapo kwa mafuriko wala kwa mchezo wa watoto, limewekwa na mtu aliyetaka kukumbukwa.

"Kutoka barabarani mpaka hapa ni ya Baudouin," muzee alisema. "Kutoka hapa mpaka ku maji ni ya Vital. Emerance, weye uko kijana, kumbuka."

Alikumbuka. Muzee akafa. Baudouin naye akafa, lori lilipinduka naye kwenye njia ya Mahagi, akaletwa amefunikwa turubai. Vital akarudi kutoka machimboni kuzika, na baada ya matanga hakuondoka tena.

"Shemeji," Vital alimwambia, "parsele ni moja, ya baba. Mimi njo mukubwa. Kama unataka kukaa, kaa kama muke wangu. Kama hautaki, barabara iko pale."

"Muzee aliigawa, shemeji. Kuko jiwe."

"Jiwe gani? Mimi sikuona jiwe."

Na kweli hakuliona, kwa kuwa siku ile hakuwapo. Emerance hakutaka kurithiwa kama sufuria. Akaenda ofisini kushtaki.

Mkubwa wa ofisi ile alikuwa ametumwa kutoka mbali. Alijua Kifaransa na Lingala, Kiswahili alikisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati. Kwa hiyo karani wake, Tharcisse, alikaa katikati kutafsiri. Tharcisse alikuwa mtu wa kartiye ya Lumumba. Wazazi wake walikuja kutoka Kivu ya Kaskazini na biashara ya chumvi na vitambaa. Alikuwa amesoma kwa mapadri, na watu walimheshimu kwa sababu hakupokea kuku wala mbuzi wa mtu. Hilo Emerance hakumnyima hata siku moja. Hakuhongwa. Wakati mwingine alitamani angekuwa amehongwa, maana hongo hueleweka.

Siku zile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa ofisini. Emerance akawa "citoyenne" tu, raia wa kike.

"Citoyenne anasema kuko jiwe," Tharcisse alisema baada ya kumsikiliza mkubwa. "Iko fasi gani?"

"Iko mbele ya muti wa avoka. Ukitoka barabarani, unashuka, unafika ku muti. Jiwe iko mbele yake. Hatua kidogo tu, si mbali. Chini yake kuko makaa, muzee aliyatia siye tukiona."

Tharcisse akageuka, akayasema yote kwa Kifaransa, hata makaa hakuyasahau. Mkubwa akatoa amri. Wenye kesi wote wawili wabaki ofisini, asiende mtu kuonyesha, asije akaonyesha jiwe alilolificha mwenyewe jana. Akamtuma Tharcisse na vibarua wawili wenye majembe. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Emerance alikaa kwenye benchi, Vital kwenye benchi jingine, hawakutazamana. Emerance hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa akifikiria magunzi aliyoyaacha yakikauka uani, kama mvua ingeyakuta.

Walirudi na matope kwenye suruali.

"Jiwe haiko," Tharcisse alisema.

"Mulichimba wapi?"

"Mbele ya muti. Pale ulisema."

"Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa, mama. Tulichimba mpaka kiuno, tukapanua huku na huku. Hakuna jiwe, hakuna makaa."

Emerance alisimama. Neno lilikuwa lile lile, mdomoni mwake na mdomoni mwao, ndiyo maana hakuna aliyelishuku. Kama jiwe halipo mbele ya mti, basi kuna aliyelitoa. Akamgeukia Vital.

"Umeitoa! Shemeji, umeitoa jiwe ya baba yako!"

"Mimi? Muniulize mimi kitu sikukijua hata jina!" Vital naye alisimama. "Huyu mwanamuke ni mwongo, anaona nimefiwa anataka kunivua nguo!"

Mkubwa aligonga meza. Aliuliza Tharcisse maneno mawili matatu, kisha akahukumu: mgawanyo hauna ushahidi, parsele yote ni ya mkubwa wa jamaa, na citoyenne ameidanganya ofisi. Tharcisse akalitafsiri hilo pia, pole pole, bila kosa.

Jioni Emerance alikuta vitu vyake barabarani. Ua ulikuwa umefungwa. Wiki hiyo hiyo Vital alilima pande zote za mti akapanda viazi, na Emerance alipoambiwa akasema, naam, anafunika alama.

Alikwenda kukaa kwa dada yake Claire, kartiye ya Ngezi, akawa anauza maziwa ya mgando sokoni. Claire alikuwa na ulimi mwepesi na moyo mzuri. Alimpa chumba, hakumkumbusha. Lakini Bunia haikusahau. Watoto walimpa jina, wakawa wanalisema akipita: "Mama Mbele! Mama Mbele!" Wanawake wenzake sokoni walilichukua kwa mzaha. "Mama Mbele, kopo yako iko mbele ao nyuma? Tuchimbe?" Alicheka nao mara ya kwanza, mara ya pili akanyamaza. Claire alipojifungua mtoto wa mwisho alimtaka Emerance awe mama wa ubatizo. Katekista akaja nyumbani, akavua kofia, akasema maneno yenye sukari: wazee wa kanisa wanaona si vizuri, mtu aliyeapa uongo hadharani asimame kumwapia mtoto. Emerance alimpa kiti na maziwa. Alipoondoka, alilisugua kopo alilonywea mpaka mchanga ukamkata vidole.

Miaka ikaenda hivyo. Alikuwa msichana wa ng'ombe, akawa mke, akawa mjane, sasa akawa mwanamke wa makamo ambaye watu humtaja kwa watoto wao kama mfano wa mdomo mbaya. Usiku na mchana alimchukia Vital kwa ajili ya jiwe. Tharcisse hakumfikiria sana. Alimwona kama daraja tu, mtu hulaumu mto.

*

Mwaka wa themanini na saba, wakati wa kiangazi, alirudi kutoka Ubelgiji kijana wa Tharcisse aitwaye Rémy. Alisoma Kisangani, kisha akapelekwa Ulaya kusomea mashine zile za kufikiri. Alizunguka mjini na vilimani na kinasa sauti, akiwaomba watu wakae naye, awaulize vitu vilipo. Watu walicheka. Kijana amevuka bahari, amerudi kuuliza ndoo iko wapi?

Alipofika Ngezi, Claire ndiye aliyempokea. Emerance alikuwa mlangoni akichambua maharage, hakuinuka.

"Jambo yenu, mama."

"Jambo. Weye ni mutoto wa nani?"

Rémy alisita kidogo. "Wa Tharcisse. Wa Lumumba."

"Ninajua. Nilitaka nisikie kama utasema."

"Wacha mutoto wa watu akae," Claire alisema. "Wazungu wamekosa kazi, wamemutuma kuhesabu vinu vyetu."

Rémy alikaa juu ya kigoda, magoti yakimfikia kidevuni, akaeleza. Kule kwa mwalimu wake kuna mashine. Haina macho wala haina miguu. Wengine wanaifundisha kwa mita na digri, lakini mwalimu wake anataka nyingine, itakayofikiri kama mtu anayeelekezwa njia. Mtu hapimi. Anaambiwa kushoto, kuume, mbele, nyuma, naye anafika.

"Kwa mufano," alisema, "ukitoka soko unaenda parokia, duka ya mafuta iko kushoto. Ukirudi?"

"Kuume," Claire alisema. "Hata mbuzi anajua."

"Mbuzi anajua, mashine haijue. Lazima ifundishwe. Sasa sikia ingine. Uko unasimama ku soko. Kisima iko kushoto ya duka. Shule iko nyuma ya kisima. Shule iko wapi kwa weye?"

Claire alisema kushoto. Jirani aliyekuja kuazima kinu akasema hapana, inaweza kuwa nyuma ya duka lenyewe, inategemea. Wakabishana wakichora hewani kwa mikono.

"Njo vile!" Rémy alipiga goti. "Mashine haichagui kwa nguvu. Inasema: inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa pale, lakini kuume haiwezi. Inaondoa ile haiwezekane, ile ingine inabakisha. Haijue, inakubali haijue."

Emerance aliinua macho kutoka kwenye ungo kwa mara ya kwanza.

"Inakubali?"

"Inakubali, mama."

"Basi mungeituma ku ofisi mwaka wa sabini na sita."

Kicheko cha Claire kilikatika katikati. Rémy alitazama chini. Alikuwa amekulia Lumumba, alilijua jina la Mama Mbele, huenda alipokuwa mdogo alilipiga kelele pamoja na wenzake. Alichukua ndoo tupu, akavuka ua, akaiweka upande wa pili wa kinu. Emerance alikuwa mlangoni, kinu kikiwa katikati yake na ndoo.

"Mama, kutoka pale unakaa. Ndoo iko wapi?"

"Mbele ya kinu."

Rémy akaivuta ndoo akaileta upande huu, kati ya kinu na mlango. "Na sasa?"

"Nyuma ya kinu."

Rémy alitabasamu kwa adabu. "Mama, umegeuza. Wazee wengi kule vilimani walinigeuzia vile vile. Nilifikiri hawakusikia muzuri swali. Sasa hivi ndoo iko mbele ya kinu, inakutazama weye."

"Ndoo ikinitazama mimi, inahusu nini kinu?" Emerance aliuweka ungo chini. Sauti yake ilikuwa imebadilika, Claire akaijua akasogea. "Miaka yote hii munaniambia nimegeuza. Kuja hapa. Simama nyuma yangu. Mimi ni ng'ombe. Ninaenda, weye unanifuata. Uso wangu uko wapi?"

"Kule."

"Mbele yangu ni wapi?"

"Kule, mama."

"Sasa kinu. Unakifuata vile unanifuata. Mbele yake ni wapi?"

"Lakini kinu hakina uso."

"Njo maana ninakipa uso. Nyumba iko na mulango, mulango njo uso wake, sitaibadilisha. Kinu, kichuguu, muti, havina. Ninavipa uso ya ng'ombe, vinaenda kule ninaenda mimi. Weye unavipa uso ya nani?"

Rémy alifikiri. Hakuwa kijana mbaya, na alikuwa na tabia ya kulijibu swali hata lisipomfaa.

"Uso ya mutu anayesimama kunitazama," alisema. "Njo vile tunasema ku Kifaransa. Njo vile tulifundishwa ku shule, tukaendelea kusema vile hata ku Kiswahili."

"Basi kinu chenu kinawatazama. Chetu kinaenda na siye."

Kuku alipanda juu ya kinu, hakuna aliyemfukuza. Emerance alikuwa ametamka maneno yale kwa hasira tu, kama mtu anayerusha jiwe gizani, kisha akasikia limegonga kitu. Alishika mwimo wa mlango.

"Na baba yako," alisema taratibu, "kinu yake inatazama wapi?"

Rémy alizima kinasa sauti.

*

Walikwenda Rwambuzi kesho yake, Emerance, Claire na Rémy. Emerance hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya vitu barabarani. Vital alikuwa amekaa nje, mguu mmoja umevimba, ameuweka juu ya gogo. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alimtazama Emerance akiingia uani kama mtu anayeona mvua isiyo ya majira.

"Umekuja kunitukana ku fasi yangu?"

"Nimekuja kuchimba."

"Walichimba."

"Walichimba huku," Rémy alisema, akionyesha upande wa barabara. "Baba yangu alitoka barabarani, akachimba huku. Yeye alisema kule."

Vital alimtazama kijana, akamtazama mti. Mti wa avoka ulikuwa umezeeka, tawi moja limekatwa kwa kuni. Alitema mate pembeni.

"Chimbeni. Mukikosa, mwanamuke huyu asirudie kutaja jina langu sokoni."

Rémy alivua saa na shati, akaanza kuchimba upande wa kijito. Ardhi ilikuwa ngumu kwa kiangazi. Emerance alisimama kando, mikono ameikunja kifuani, akiomba na kukataa kuomba. Jembe liligonga mara mbili mizizi, mara ya tatu mlio ukawa mwingine. Rémy alipiga magoti akafukua kwa vidole. Jiwe lilitoka jeupe, na chini yake udongo ulikuwa umechanganyika na vipande vyeusi. Claire alichukua kimoja akakisugua kiganjani, kikaacha mstari.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Vital alijikokota na fimbo yake mpaka ukingoni mwa shimo, akatazama muda mrefu.

"Ni makaa," alisema. "Ni kazi ya baba."

"Ni kazi ya baba."

"Miaka yote hii umeniita mwizi wa jiwe."

Emerance hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuja kudai, akakuta anadaiwa, na aliyemdai alikuwa amelala salama kwenye ardhi yake. Lakini asiyelipa hana mdomo wa kudai.

"Hukuiba, shemeji," alisema, na majirani waliokuwa wamesogea kwenye ua walisikia. "Nilisema uliiba. Hukuiba. Neno langu la jiwe ninalirudisha."

"Na la parsele?"

"La parsele ninalishika."

Vital karibu acheke. Alirudi kwenye gogo lake akaketi kwa kuguna.

"Sikia. Mimi sikukunyang'anya kwa mukono, ofisi ilinipa. Mutu hawezi kutoka ku kitu alichopewa na serikali juu ya jiwe iliyochimbwa na mutoto wa shule. Kesho watoto wangu wataniuliza. Lakini Tharcisse asimame hapa, ao ku ofisi, ao ku kanisa, fasi yoyote kuko watu, aseme alivyogeuza ile neno. Siku ileile nitahamisha ua mpaka ku jiwe. Ninasema mbele ya hawa."

Basi mambo yote yakabaki kwenye kinywa cha mtu mmoja.

Tharcisse alikuwa amestaafu, ni mzee wa kanisa, mwenye kiti chake benchi la kwanza. Aliwapokea sebuleni Jumapili baada ya misa, picha ya harusi yake ukutani, vitambaa vya kufuma juu ya viti. Mkewe Pétronille alileta chai. Rémy alieleza, akaweka gilasi na kijiko juu ya meza, akaonyesha mbele hii na mbele ile. Tharcisse alimsikiliza mpaka mwisho. Alielewa. Emerance alimwona akielewa, kwa namna vidole vyake vilivyoacha kugonga kiti.

"Mbele ni devant," Tharcisse alisema. "Tangu shule mpaka leo. Nilitafsiri neno kwa neno."

"Neno ulitafsiri," Emerance alisema. "Uso uliacha njiani."

"Mama, sikukutendea kwa ubaya."

"Sikusema ubaya. Ninasema useme."

"Papa," Rémy aliingilia, "ni sentensi moja tu. Haiko aibu. Kiswahili iko na mbele mbili, hakuna mutu alijua."

Tharcisse alisimama akaenda dirishani. Alipoongea hakugeuka, na sauti yake haikuwa ya mzee wa kanisa.

"Unajua kesi ngapi zilipita ku mudomo wangu? Mipaka, visima, makaburi, njia za ng'ombe. Watu wa vilimani walikuja wote wakisema mbele, nyuma, mbele, nyuma. Na mimi: devant, derrière. Nikisimama kusema nilikosea hii moja, kesho watapanga musitari ku mulango wangu. Wengine walishapigana juu ya hukumu zile. Wengine walishakufa. Niwaambie nini?"

Pétronille alikuwa ameshika birika, hamimini. Hakuna aliyekuwa amefikiria hayo, hata Emerance. Kwa kitambo kidogo alimwona mzee yule jinsi alivyo, mtu aliyekaa juu ya kifuniko cha chungu kinachotokota. Akamhurumia, na huruma ile ikamzidishia uchungu, kwa sababu aliyestahili kuhurumiwa alikuwa yeye, na huruma ile haikumpa kitu.

"Nitaomba misa kwa ajili yako," Tharcisse alisema.

"Misa ni ya wafu, Papa Tharcisse. Mimi bado ninauza maziwa."

Akaondoka. Chai ilibaki imejaa.

Rémy alimfuata mpaka barabarani. Alisema ataongea na baba yake pole pole, kwamba wazee hawasukumwi. Alisema pia kuwa mashine itabadilika, haitajibu tena kabla ya kuuliza kitu kinapewa uso wa nani. Alilisema hilo kwa furaha, kisha akaona haya kwa furaha yake. Mwezi ulipokwisha akapanda ndege.

Mwaka uliofuata alirudi Adeline, mke wa Rémy, kuwaona wazazi wake, akapita Ngezi kusalimia. Alisema kazi ya Rémy imependwa sana. Walimu walikuja kutoka miji mingine, mashine ikapewa maneno ya ndoo na kinu, na badala ya kujibu ikauliza: kinu kinakutazama, au kinakwenda nawe? Watu wakapiga makofi ukumbini.

"Walipiga makofi," Emerance alirudia.

"Kabisa, mama. Rémy aliwaambia alifundishwa na mama moja wa Bunia."

"Na baba yake alimwambia nini kabla hajaondoka?"

Adeline alicheza na kamba ya mkoba wake. "Papa alimukataza asiiguse tena ile maneno nyumbani. Rémy akamuheshimu."

Mashine ya Ulaya, basi, imeambiwa. Mtu wa Rwambuzi hajaambiwa. Wadogo wa wale watoto bado wanaita wakipita, na katekista bado anavua kofia. Vital anaishi, na kila akikutana na Emerance husema, "Shemeji, mimi niko tayari," na ni kweli yuko tayari, maana utayari haumgharimu kitu mpaka mwingine aseme.

Rémy anadaiwa. Alichowaambia wageni ukumbini hajakisema mbele ya baba yake na watu wakisikia, na heshima ya mwana kwa baba haimlipii jirani.

Tharcisse anadaiwa zaidi. Kila Jumapili yuko benchi la kwanza, na mwishoni mwa misa padri huuliza kama kuna mwenye tangazo. Emerance hukaa nyuma karibu na mlango, humtazama kisogo, husubiri. Anachodaiwa Tharcisse hakizidi pumzi moja: "Emerance alisema ng'ambo ya mti. Mimi nilisema huku. Hakusema uongo." Hajakisema.